Eda ya Samaki

Ndeshi alikuja kwenye matanga ya mama mkwe wangu, Bi. Tatu, siku ya tatu, fimbo mkononi na mjukuu nyuma yake amejitwisha kikapu cha ndizi mshare, akaanza kugomba tangu mlangoni. "Jamani Majengo haya! Nyumba zimebanana hivi, mtu mnene apite wapi?" Ndivyo alivyo. Nimemfahamu tangu mimi ni mke wa miaka kumi na tisa na yeye muuza ndizi na mboga soko la Kiboriloni, na sijapata kumwona akiingia mahali kimyakimya, hata penye msiba. Alilia kilio chake kifupi cha haki, akafuta kamasi kwa pindo la khanga, akaketi kwenye mkeka ubavuni kwangu akaomba kisu amenye ndizi. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye sanduku la kioo kando ya kabati, ambamo siku hizi naweka vikombe vya wageni. "Hawa mwenzangu! Bado unalo?" Nikamwambia ninalo, nilipeleke wapi. Akalitazama kitambo, akanitazama mimi, akasema, "Basi leo sirudi kabla hatujaongea." Nilidhani anataka nimpe lile sanduku, na moyoni nilikwisha kumnyima.

Sanduku lile alilitengeneza mume wangu wa kwanza, Saidi, mwana wa pekee wa Bi. Tatu. Alikuwa fundi vioo. Wakati ule wa Mwingereza, nyumba za mashamba ya kahawa huko juu mlimani zilikuwa na madirisha makubwa, na mvua ya mawe ikipiga vioo vinapasuka, basi hakukosa kazi. Mama mmoja wa Kizungu aliipenda kazi yake akamzawadia samaki watano wekundu, wa kutazamwa tu, si wa kuliwa. Saidi aliteremka nao kwa miguu hadi mjini, ndoo kichwani, akiwasemesha njia nzima, na watu walimcheka kuanzia juu hadi chini. Akakata vioo vilivyobaki, mhunzi wa bati akamfungia pembe za chuma, akaziba kwa lami yake ya madirisha, tukawa na bwawa chumbani. Samaki mkubwa kuliko wote alimwita Bwana Shauri, kama yule Mzungu wa bomani, kwa sababu alikuwa mnene, alizunguka siku nzima, na hakuna aliyejua hasa anafanya kazi gani. Bi. Tatu alijifanya kukasirika kwamba nyumba imegeuzwa mto, lakini ndiye aliyekuwa akiwalisha asubuhi, makombo ya mkate kidogo kidogo, na kuwabadilishia maji aliyoyalaza kwenye debe tangu jana yake. Mikono yake haikumwaga hata tone.

Mpishi wa yule mama wa Kizungu alikuwa amempa Saidi sharti moja, naye Saidi alilishika kama sala. Chochote kigeni, awe samaki, liwe jani, awe konokono, kikae kwanza kwenye beseni peke yake majuma matatu. Samaki mgeni huja na minyoo usiyoiona, alisema, na ukimchanganya na wenzake siku ya kwanza umewaua wote. Saidi akaliita sharti hilo eda ya samaki. "Akimaliza eda yake, tunamwoza," alikuwa akisema, nami nacheka mpaka nashika mbavu. Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo. Sikujua kwamba kabla ya mwaka kwisha nitakuwa kizuka, mjane mwenye eda, nimevaa nyeupe, nimekaa ndani ya chumba kilekile na samaki walewale, kwa sababu homa ya mapafu ilimchukua Saidi kwa siku sita tu, katikati ya masika, bila hata kutuachia muda wa kuogopa.

Waliokaa eda watanielewa. Miezi minne na siku kumi. Hutoki nje ya nyumba, huweki wanja, hujitii manukato, mwanamume asiye wako hakuoni. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kasha la nguo, sanduku la kioo juu ya kasha la vifaa vya marehemu, na dirisha la mbao lililotazama uchochoro unaokwenda bombani. Dunia yangu yote iliingia kwa dirisha hilo, kwa masikio tu. Nilijua nani amegombana na mumewe, nani amepika pilau bila kualika. Siku moja nikasikia wanawake wawili wakingoja ndoo zijae. Mmoja akasema, "Eda ikiisha atarudi kwao juu. Hana mtoto, atakaa pale kwa lipi?" Mwenzake akajibu, "Na Bi. Tatu atamlisha kwa sababu gani? Mtoto mwenyewe hayupo." Nilikaa nimeshika uji mpaka ukapoa. Habari za kwetu sitazisimulia hapa; itoshe kusema sikuwa na mlango wa kurudia. Na zaidi ya hapo, nampenda Bi. Tatu, nilimpenda hata wakati huo, na kuondoka pale kungekuwa kumzika Saidi mara ya pili. Basi nikawa na hofu moja tu eda nzima: siku nitakapotoka eda, nitaambiwa funga mizigo yako?

Kula kukanishinda. Bi. Tatu alinipikia kila anachojua, nikawa naonja kwa adabu. Ndipo siku moja adhuhuri, Bi. Tatu ameaga kwamba anakwenda kusaga, Ndeshi akaja. Alikuwa amebeba sufuria ya mtori wa ndizi na kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. "Mtori wa kwako," akasema, "na huyu ni wa hao wenzako wasiosema." Alimimina kwenye beseni samaki mdogo wa kijivu, mwembamba, aliyemvua kwa kikapu mfongoni, ule mfereji unaopita kwenye kihamba cha kwao, shamba la migomba la ukoo. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifiwe. Nikala mtori wote. Ndeshi alipoondoka nikakaa kumtazama yule mgeni. Alizunguka beseni, akagonga ukingo, akazunguka tena. Nilijua sharti. Niliisikia sauti ya Saidi kabisa, majuma matatu, Hawa. Lakini haki ya Mungu nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Wewe nawe umefiwa na nani?" Kabla ya alasiri nilimchota kwa kikombe nikamtia kwa wenzake. Sikuweza kuvumilia kuona kiumbe kingine kimefungiwa peke yake chumbani humo.

Juma hilohilo Bi. Tatu naye alileta majani ya maji kutoka mfongoni, ati samaki wapate kivuli. Aliyaosha mara tatu kwa maji safi akayapanga vizuri. Nakumbuka alivyojipangusa mikono na kusema, "Saidi angefurahi." Hakumtaja yule wa kijivu, nikadhani hakumwona katikati ya majani, maana alikuwa wa kujificha sana.

Nadhani zilipita kama siku kumi na tano. Nikaona samaki wanajikuna kwenye mawe, wanapita kwa kasi na kugeuza ubavu. Kisha nikaona kwenye ubavu wa yule wa kijivu uzi mweupe unaning'inia, mfupi, mwisho wake umegawanyika, na pale ulipoingilia pamevimba na kuwa pekundu. Asubuhi ya pili amekufa. Nilimfunga kwenye kitambaa nikamzika uani, chini ya mgomba ulio nyuma ya choo, kabla Bi. Tatu hajamaliza sala. Nilidhani nimemaliza na balaa. Loo, nilikuwa mjinga! Kufikia Ijumaa nyuzi zile zilikuwa kwenye wekundu wote watano, na kufikia Jumatatu wawili walikuwa wameelea. Bwana Shauri alikuwa na mmoja karibu kabisa na jicho. Niliketi sakafuni nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko. Nguo za Saidi zilikuwa zimegawanywa, kitanda chenyewe kilikuwa cha mama yake. Samaki ndio pekee walioshikwa na mkono wake na bado wanapumua, nami nimewaua kwa mkono wangu.

Bi. Tatu hakuuliza kitu. Alijitanda, akaenda hospitali, akarudi na Bwana Elia. Huyo alikuwa dresa, mtu wa makamo mwenye sauti nzito, ambaye kabla ya kufunga watu vidonda alikuwa akifanya kazi kwenye mabwawa ya samaki wa Wazungu kule juu penye baridi. Kuniona haikuwezekana, basi likafungwa shuka katikati ya mlango, yeye ukumbini kwenye kigoda, mimi ndani, na Bi. Tatu kati yetu akipokea bakuli lenye samaki kutoka upande huu na kulipeleka upande ule. Tulisikiana vizuri kabisa, lakini Bi. Tatu hakukubali maneno yapite bila yeye.

"Huyu ana mnyoo wa nanga," akasema Bwana Elia. "Umejichimbia nyamani. Ukiuvuta ovyo unakatika, kichwa kinabaki ndani, kidonda kinaoza."

"Anasema umejichimbia nyamani," Bi. Tatu akaniambia.

"Nimesikia, mama."

"Amesikia," akamwambia Bwana Elia.

Bwana Elia akaeleza yote taratibu. Mshike samaki kwenye kitambaa kilicholowa, usimkaushe. Chukua kibano, shika mnyoo pale chini kabisa unapoingilia, vuta polepole bila kutikisa. Kisha mguse kidonda kwa dawa ya zambarau, ile ya kuoshea vidonda, tone moja kwa ncha ya pamba, isiingie kwenye mashavu yake anakopumulia. Baadaye mwogeshe kwa maji ya chumvi kwenye beseni, dakika chache tu, na akianza kulala ubavu mtoe hapohapo. "Lakini huo ndio mnyoo mkubwa, mama yao. Watoto wake wanaogelea humo majini na huwaoni. Maji yote mwageni mbali. Mawe yachemsheni. Sanduku lianikeni juani likauke hadi pembeni. Kisha mkague samaki kila siku, maana watatokea wengine, na mtawatoa tena, na tena. Mwezi mzima msichoke." Nikasikia kigoda kikilia. "Sasa niambieni. Mmeingiza kitu gani kigeni humo?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya shuka, nikawaza, sasa ndio mwisho. Mke asiye na mtoto, aliyewaua samaki wa mume wake kwa kukaidi neno lake, ataachwa abaki kwa lipi? Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Ni majani. Mama alileta majani ya mfongoni."

Kivuli cha Bi. Tatu kwenye shuka hakikusogea. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi dukani, "Ni kweli. Ni mimi. Niliyaleta mimi." Bwana Elia akamwambia asijilaumu, wengi hufanya hivyo, majani ya mfongo nayo huweza kuleta minyoo, siku nyingine ayaweke kwenye beseni majuma matatu. Bi. Tatu akasema ahsante, akampa chai ya tangawizi.

Kazi ile tuliifanya mimi na yeye, kwa namna yake. Kibano kilikuwa changu cha nyusi, ambacho wakati wa eda hakikuwa na kazi nyingine. Siku ya kwanza nilimbembeleza anishikie samaki. Akakataa katakata. "Mkono wangu una nuksi, mwanangu. Mimi sitawagusa tena." Akawa anasimama mbali na kunishikia taa tu, na kusoma dua chini kwa chini. Nilivuta kwa haraka, mnyoo wa kwanza ukakatika. Wa pili ukatoka mzima, mweupe, na kichwa chake cha pembepembe, nami nikapiga kelele za furaha wapita njia wakasimama dirishani kuuliza kizuka ana nini. Mmoja wa wale watatu hakuvumilia maji ya chumvi, nilichelewa kumtoa. Wakabaki wawili, Bwana Shauri na jike mmoja mwenye mkia uliopasuka. Kila asubuhi niliwakagua ubavu kwa ubavu. Nyuzi zilitoka tena mara ya pili, zikatoka mara ya tatu, kama Bwana Elia alivyosema, na kila mara nikakaa na kitambaa changu na kibano changu. Katika kuwashughulikia hao nikaanza kula bila kuambiwa, na usingizi ukarudi.

Lakini dirisha halikunyamaza. "Bi. Tatu ndiye aliyewaua samaki wa marehemu mwanawe, umesikia? Mambo ya kuokota majani ovyo." Wakacheka. Wakati huo Bi. Tatu alikuwa mle chumbani anakunja nguo zangu, na alisikia kila neno. Akaendelea kukunja. Nilimtazama mikono ile, nikataka kusema. Mara tatu mwaka ule nilifungua mdomo, na mara tatu niliuliza jambo jingine, kama chumvi imekwisha, kama mvua itanyesha. Naona aibu kuandika hivi katika uzee wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwacha mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee abebe na kosa langu juu yake, kwa sababu niliogopa kufukuzwa.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja, nikaogeshwa, nguo nyeupe zikavuliwa, nikavishwa khanga mpya. Walipoondoka nikakaa kitandani, mikono mapajani, nikingoja. Bi. Tatu akaingia. Akatazama sanduku, ambalo lilikuwa limeanikwa na kujazwa upya, na wale wawili wanazunguka ndani yake, ngozi zao safi. Akasema, "Haya. Sasa ukienda, hawa nani atawaangalia? Mimi unajua sithubutu." Nikasema sina haraka ya kwenda. "Basi usiwe na haraka," akajibu, akatoka kwenda kuchambua mchele. Hayo ndiyo maneno yote yaliyosemwa kuhusu jambo lililonitia hofu miezi minne.

Nilikaa nyumba ile miaka mitano. Samaki waliishi sehemu kubwa ya miaka hiyo, na Bi. Tatu hakuwagusa hata siku moja, hata nilipougua alimwita jirani awape makombo. Bwana Elia, aliyesema hajaona mtu mwenye subira na kibano kama mimi, akaniombea uhudumu wa kliniki ya watoto, nikatoa minyoo ya binadamu miaka thelathini. Nilipoolewa tena ni Bi. Tatu aliyeniozesha, kutoka mlangoni kwake, na mahari yangu aliipokea yeye kama mama. Alipozeeka nikamchukua kwangu. Na juma lililopita, usiku wake wa mwisho, ambao hatukujua kuwa ni wa mwisho, nilimwinamia sikioni nikamwambia yote, kuhusu yule samaki wa kijivu, kuhusu mgomba nyuma ya choo, kuhusu uongo wangu nyuma ya shuka. Alikuwa hasikii tena. Alipumua tu.

Haya yote nilimweleza Ndeshi pale mkekani, tukimenya ndizi, kwa sababu mtu akifiwa hujisikia kutapika kila kitu. Nilitegemea ashangae. Akaendelea kumenya, gamba refu moja, bila kukatika.

"Hawa," akasema, "yule samaki nani aliniambia nimlete?"

"Si wewe mwenyewe?" nikasema.

"Huyu tunayemlilia. Alikuja sokoni akanikuta kwenye mafungu yangu. Akaniambia, mkwe wangu hali chakula, hacheki, nitafutie samaki hata wa mfongoni, umpelekee adhuhuri, mimi nitatoka. Yesu na Maria! Nilivua nusu siku kwa ajili yenu, nikalowa mpaka kiunoni."

"Alijua?" nikauliza.

"Alijua tangu siku nilipomleta. Na alijua umemzika wapi, maana kuku walimfukua, akamzika tena yeye. Baada ya yule dresa kuja, alinifuata Kiboriloni akaniapisha kwa Biblia yangu, yeye Mwislamu, mbele ya wauza vitunguu wote, kwamba sitasema mpaka azikwe. Akasema, mtoto huyu akijua kwamba najua, kesho yake atafunga virago kwa aibu, na mimi nitabaki na nani?"

Nikashindwa kuendelea kumenya. Nikauliza kitu cha kijinga, kwa sababu ndicho kilichokuja. "Lakini mbona hakuwagusa tena samaki? Miaka yote ile. Alikuwa hodari kuliko mimi."

Ndeshi aliweka kisu chini, akajipangusa mikono kwenye khanga. "Hilo nami nilimwuliza," akasema. "Aliniambia, Ndeshi, nikiwagusa mimi, yeye atabaki kwa sababu gani?"

Nje wanawake walikuwa wakiita sufuria kubwa iletwe. Ndeshi akainuka kwa fimbo yake kwenda kuwapelekea ndizi. Mimi nikaenda pale kando ya kabati, nikavitoa vikombe kimoja kimoja, nikalipangusa sanduku kwa pindo la khanga yangu, kioo hadi kioo, mpaka pembeni.